SOMO: Kuivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Assalamu alaykum. "Hii ni namba tasa au siyo?" limeulizwa mno humu, basi jibu liwe hapa. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa. Mwenzake wa baadaye, Euler, akaonyesha mwaka 1732 kuwa 641 inaigawa.

1. Namba yenyewe ni 2^32 + 1. Vikokotoo vidogo vya soko la Darajani vya tarakimu 8 haviimezi, hatuvihitaji.

2. Usijaribu kila namba tasa. Kigawo tasa chochote cha namba hii kina umbo la 128k + 1 (k ni namba nzima). Basi 129 (3 × 43), ruka, 257, jaribu (inaacha baki 2), 385 na 513, ruka, 641, jaribu.

3. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuijaribu 641, zidisha kwa hatua, na kila hatua ubakishe baki tu:
2^8 = 256
2^16: 256 × 256 = 65,536; toa 641 × 102 = 65,382; baki 154
2^32: 154 × 154 = 23,716; toa 641 × 36 = 23,076; baki 640
Ongeza 1: 641. Baki 0.
Tahadhari: ile 1 inaongezwa mwisho kabisa. Ukiiongeza kwenye 154 kisha ukazidisha 155 × 155, unapata baki 308 na utaapa kuwa 641 haigawi. Hiyo ni namba nyingine uliyoigawa. Tena hakiki 154 kabla ya kuendelea. Ikikosewa, yote ya chini yake ni bure.

4. Gawa: 641 × 6,700,417.

5. Je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake cha pili kinazidi 2,588 kidogo, basi hatujaribu tasa zinazovuka hapo. Kinachoigawa hii kinaigawa na ile kubwa, kwa hiyo ni 128k + 1 tena. 257 imeshashindwa, zilizobaki ni 641, 769, 1,153, 1,409. Mabaki ni 44, 120, 334, 622. Ni tasa.

MASWALI

Kijana wa Mkoani: Maalim, mbona 3 na 7 hukuzijaribu?
— Hatua ya 2. Isome.

Fundi Kompyuta: Programu yangu inasema 2^32 + 1 ni 1. Somo lina kosa.
— Somo halina kosa. Umehifadhi namba kwa biti 32. Mwisho wake ni 4,294,967,295, ikivuka hapo inarudi sifuri. Tumia biti 64.

Bint Wete: Samahani Maalim, kwa nini 128 na si 64?
— Ahsante kwa kuuliza, mwanangu. Ikiwa namba tasa p inaigawa namba yetu, 2^32 inaacha baki −1 (yaani p − 1), na 2^64 inaacha 1. Hakuna kipeo kidogo zaidi kinachofika 1. Basi 64 inagawa p − 1. Hapo ndipo alipofikia Euler, naye kwa njia hiyo ingebidi ajaribu pia 193, 449 na 577. Mwanahisabati Lucas akasogeza mbele: p − 1 ikigawika kwa 8, ipo x ambayo x² inaacha baki 2. Sasa x^64 inaacha −1, x^128 inaacha 1. Kwa hiyo 128 inagawa p − 1. Jaribu mwenyewe kutafuta x ya 641.

Mwalimu wa Chake: Nyongeza. Toa 2 kwenye namba yenyewe upate 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kwa hiyo 257 inaacha baki 2 bila hesabu yoyote.
— Kweli kabisa, na inafupisha hatua ya 2. Hiyo 4,294,967,295 ndiyo idadi witiri kubwa kuliko zote zinazojulikana ya pembe za umbo lenye pande na pembe sawa linalochorika kwa rula na bikari.

Kijana wa Mkoani: Na 5 je?
— Imo kwenye nyongeza ya Mwalimu, hapo juu. Baki 2.