Ndimu katika mvinyo wa ndizi: kiasi gani, na itiwe lini

Ndizi mbivu ina sukari nyingi na tindikali kidogo. pH yake, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, hukaribia 5, ilhali mvinyo huchachuka vyema kati ya 3.4 na 3.6, na kila tarakimu moja inayoshuka katika kipimo hicho ni ongezeko la tindikali mara kumi. Mvinyo wangu wa kwanza niliupika bila ndimu. Siku ya tatu ulikuwa na utelezi na harufu ya uvundo, nikaumwaga wote.

Hatua ya kwanza: menya ndizi kilo 1.5, uzikatekate, uzichemshe katika lita 4 za maji kwa nusu saa, kisha uchuje kwa kitambaa safi bila kukamua. Koroga humo gramu 800 za sukari, uhamishie katika ndoo ya plastiki ya chakula au mtungi wa kioo, ufunike hadi ipoe. Sufuria ya alumini haifai kuanzia hapa, kwa sababu tindikali huila.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Tia mililita 150 za maji ya ndimu yaliyochujwa, koroga, upime kwa karatasi za pH zinazotofautisha vizuri kati ya 3 na 4, kisha uongeze mililita 25 kila mara hadi ufikie 3.5. Usiutegemee ulimi, kwa kuwa sukari huuficha uchachu, na hamira ikishaimaliza sukari hiyo, uchachu wote hujitokeza. Ukishuka chini ya 3, hamira yenyewe hulemewa. Ukwaju nao unafaa, kwani tindikali yake kuu ndiyo ile ya zabibu, ingawa mimi huuepuka kwa sababu huutia mvinyo weusi. Siki usiitie kamwe: inaweza kuleta bakteria wale wale wanaogeuza mvinyo kuwa siki.

Hatua ya tatu: tia gramu 5 za hamira ya mvinyo baada ya ndimu, wala si kabla, kwa maana katika siku mbili za mwanzo, pombe ikiwa bado haijatosha kuua vijidudu, tindikali ndiyo kinga kuu. Funga kwa kifuniko chenye mrija wa kutolea hewa.

Mapovu yakikoma na mvinyo ukitulia, uonje. Ukiwa umepooza, ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu yaliyochemshwa na kupozwa kwa kila lita, usubiri siku nzima, ndipo uonje tena.