Kuthaminisha nyumba wakati wa talaka: hatua kwa hatua, na maswali ya wanachama

Ndoa ikivunjika, nyumba moja hupata bei mbili. Anayebaki ndani anasema haina thamani, anayeondoka anasema ni hekalu. Ubishi huo humalizwa na mthamini.

Anza na karatasi: hati miliki, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano. Kiwanja kikiwa na hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama kimewekwa rehani. Una wasiwasi mwenzio atauza? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinamkataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio.

Hatua ya pili, tafuteni mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Dalali wa nyumba anajua bei za mtaa, sikatai, lakini karatasi yake haina uzito mbele ya hakimu. Mkiweza, chagueni mthamini mmoja, mchangie gharama, na barua ya kumpa kazi msaini wote.

Hiyo barua ndiyo watu wanaidharau, na hapo ndipo wanapopigwa. Iandikwe wazi kwamba uthamini ni kwa ajili ya mgawanyo wa mali ya ndoa, na kinachotakiwa ni thamani ya soko. Ripoti za mkopo wa benki huwa na namba mbili: ya soko, na ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ndogo. Anayetaka kununua fungu lako atakuonyesha hiyo ndogo. Nyumba haiendi mnadani, ya nini kuikubali? Pia usipokee ripoti ya zamani iliyofanywa nyumba ikiwa bado boma, kuta bila paa.

Siku ya ukaguzi muwepo wote, au mtume wawakilishi. Mwonyesheni kila kitu: kisima, uzio, vyumba vya wapangaji uani. Ripoti ikitoka, angalia vipimo, kisha angalia amelinganisha na mauzo ya wapi. Bei ya Shanty Town, mtaa wa wenye nacho mjini Moshi, haipimi nyumba ya Pasua, mtaa wa watu wa kawaida mji huohuo.

Deni la benki hutolewa mwishoni. Nyumba ya milioni 120 yenye deni la milioni 30, cha kugawana ni milioni 90.

Maswali

*Tulijenga kwenye kihamba (shamba la urithi la Wachagga) cha ukoo wa mume wangu, Kibosho. Nina changu hapo?*
Dada, mwombe mthamini atenganishe thamani ya ardhi na ya jengo. Ardhi ya ukoo itakuwa na ubishi wake, ila kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinagusa hata mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa juhudi za wote. Tunza risiti za saruji na mabati. Wakwe watapiga kelele, waache.

*Mimi ni mama wa nyumbani. Mthamini ataandika fungu langu?*
Hapana, mafungu hupangwa na mahakama. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani kuwa mchango. Hiyo haina maana ya nusu kwa nusu.

*Mume kafunga geti, mthamini haingii.*
Asikadirie akiwa barabarani, ripoti hiyo itapingwa. Kama shauri limefunguliwa, omba mahakama itoe amri ya ukaguzi. Kama bado, pitieni kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwani kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka bila hati ya Baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha.