Mbuzi mwenye mimba: vitamini za mwana zianze na mama

Huku Kongwa, Dodoma, mvua hukatika Mei, na ikifika Julai malisho yote ni makavu. Mbuzi aliyepandwa Julai hubeba mimba siku 150 hivi, maana yake anazaa Desemba bila kuonja jani bichi. Vitamini A anaipata kwenye ukijani wa majani, na nyasi iliyobabuka kwa jua inajaza tumbo tu. Mama anaishi kwa akiba ya ini lake, na akiba hiyo ni ya miezi michache. Ikiisha, mimba inatoka, au anazaliwa mwana dhaifu, pengine kipofu.

Wapo watakaokuambia umelogwa, au beberu ana mbegu mbaya. Huko Texas, Marekani, Fred Hale aliandika mwaka 1933 kuhusu nguruwe aliyelishwa chakula kisicho na vitamini A: akazaa watoto 11, wote hawana macho. Hale akaonyesha kuwa si ukoo, ni lishe.

Kwa hiyo kazi inaanza masika, kabla hata hujapandisha. Kata lukina (mti wa malisho), majani ya mlonge na mashina ya viazi vitamu, uyakaushe kivulini. Kivulini, nasisitiza! Ukianika juani utabaki na takataka. Fungua gunia baada ya wiki kadhaa: jani liwe bado kijani, livunjike mkononi, na linukie kama majani ya chai. Likiwa la njano au lina ukungu, usimpe mwenye mimba. Lukina isizidi theluthi ya chakula chake, ina sumu yake ikizidi.

Jioni giza likianza kuingia, swaga majike yapite penye ndoo au gogo. Anayejikwaa jioni ilhali mchana anaona vizuri, vitamini A imemwishia.

Miezi miwili ya mwisho ndipo mwana anapokua kwa kasi, basi ongeza pumba na mashudu ya alizeti kidogo kidogo. Kama majani mabichi wala yale ya kukaushwa kivulini hayakupatikana kabisa, mwite afisa mifugo amchome sindano ya vitamini A, D na E wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa. Usirudie dozi mwenyewe, hasa ikiwa dawa ina madini ya seleniamu, kwani kati ya dozi na sumu ni padogo. Vitamini B usinunue ovyo. Tumbo la mbuzi mzima linajitengenezea, mradi apate madini ya kobalti kwenye jiwe la kulamba.

Halafu dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Hapa nimeshagombana na majirani wanaoikamua na kuimwaga kwa sababu ni ya njano. Dang'a ile ndiyo yenyewe! Vitamini A na E hupita kidogo sana kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mama huziweka kwenye dang'a. Mwana anyonye ndani ya saa ya kwanza. Wa kilo 3 apate angalau mililita 300 siku hiyo, kwa mafungu. Asiyeweza kunyonya, mkamulie umnyweshe kwa chupa.

Mwana mwenye miguu ya nyuma mikakamavu, anayejaribu kusimama akaanguka, huenda ana upungufu wa vitamini E na seleniamu. Huyo daktari amwone siku hiyohiyo, maana misuli ya moyo nayo huathirika.