Namna ya kumfuatilia mwendeshaji wa kwetu katika Tour de France ukiwa Goma

Mkaazi wa Goma anayetaka kuifuatilia Tour de France, yaani mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, kwa ajili ya mtu wa kwao hana budi kuamua kwanza ni nani atakayemhesabu kuwa wa kwao, kwa sababu bendera ya Kongo bado haijaonekana katika orodha ya washiriki wa mbio hizo. Wengi wetu tumekwisha kuamua: tunawashangilia Waeritrea, na Mwafrika mwingine yeyote atakayejitokeza. Uamuzi huo una msingi. Mwaka 2015 Waeritrea Merhawi Kudus na Daniel Teklehaimanot walishiriki Tour wakiwa na timu ya MTN-Qhubeka, na Teklehaimanot akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya madoa mekundu ya wapanda milima. Mwaka 2024 Mwaeritrea mwenzao Biniam Girmay alishinda hatua tatu (hatua ni mbio za siku moja), ya kwanza ikimalizikia Turin, kisha akaitunza jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, mpaka siku ya mwisho mjini Nice.

Ukishamchagua mtu wako, jambo la kwanza ni kujua timu yake na namba yake. Usimtafute kwa rangi za nchi, kwa maana Tour haiendeshwi na timu za taifa. Mwaeritrea anaweza kuwa amevaa jezi moja na Mbelgiji na Mtaliano, na rangi za nchi huzivaa yule tu aliye bingwa wa taifa lake kwa mwaka huo. Orodha ya washiriki, inayopatikana kwenye tovuti ya letour.fr na ile ya ProCyclingStats, huonyesha bendera kando ya kila jina. Namba nazo zina utaratibu wake: timu yenye bingwa mtetezi hupewa 1 hadi 8, inayofuata 11 hadi 18, kisha 21 hadi 28, na kwa kawaida namba inayoishia na moja huwa ya kiongozi wa timu. Kwa hiyo namba peke yake hukudokezea kama mtu wako amekuja kutumikiwa au kutumikia. Hakikisha orodha hiyo ni ya mwaka huu, kwa sababu waendeshaji huhama timu kila mwanzo wa mwaka.

Kuhusu saa, Goma ina bahati. Mwezi Julai saa yetu ni ileile ya Paris, wakati Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Ukisikia muda uliotangazwa kwa saa za Kinshasa, ongeza saa moja. Hatua nyingi huanza karibu na saa saba mchana na kumalizika karibu na saa kumi na moja jioni. Hakuna haja ya kuteketeza mega zako zote kwa kutazama video tangu mwanzo. Ukurasa wa maandishi wa moja kwa moja unatumia mega chache sana, nao hutaja walio mbele, walioanguka na walioachwa; video ifungue zikiwa zimebaki kilomita ishirini, kama umeme haujakatika.

Lakini ni hatua ipi ya kufungulia video? Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba siku kubwa ya mbio ni siku kubwa ya mtu wao pia. Girmay ni mtu wa mbio za kasi za mwishoni, na hatua za milima mirefu kwake ni siku za kujiokoa tu. Aliposhinda jezi ya kijani alikuwa mbali sana nyuma ya Tadej Pogačar, mshindi wa Tour ya mwaka huo, katika msimamo wa jumla, unaohesabu muda wa hatua zote, na hilo halikumpunguzia chochote, kwa sababu jezi hiyo hutafutwa kwa pointi, si kwa dakika. Mwaka huo mshindi wa hatua ya tambarare alipata pointi 50, na wa kwanza kwenye mstari wa katikati ya safari alipata 20. Girmay alifikisha 387, na Jasper Philipsen aliyemfuata 354. Anayemfuatilia mtu wa namna hiyo asiukose mstari huo wa katikati, ambao watangazaji mara nyingi huupita kwa sentensi moja.

Matokeo ya jioni nayo yanataka kusomwa kwa utulivu. Aliyemaliza wa 120 si lazima awe amepoteza hata sekunde moja, kwani wote wanaofika katika kundi moja huandikiwa muda mmoja. Kwa upande mwingine, siku ya milima unaweza kumkuta mtu wako nyuma kwa dakika thelathini na bado mambo yakawa sawa kabisa. Wenye kasi ya tambarare huungana katika kundi la nyuma, ambalo wenye lugha ya Kifaransa huliita basi, wakapanda kwa mwendo wa pamoja huku wakipiga hesabu ya muda wa mwisho unaoruhusiwa. Muda huo ni asilimia ya muda wa mshindi, na asilimia hubadilika kulingana na ugumu wa hatua na kasi iliyotumika. Mshindi akitumia saa 4, na kikomo kikiwa asilimia 15, basi hilo la nyuma lina dakika 36 za kuchelewa. Atakayezidi hapo anarudishwa nyumbani, isipokuwa waamuzi wamhurumie. Jina lenye OTL kando yake, au HD katika orodha za Kifaransa, ndilo la aliyepitwa na kikomo hicho. DNF ni aliyeacha njiani, na DNS ni ambaye hakuanza kabisa.

Anayetaka kuyazoesha macho yake kazi hii kabla ya Julai asiidharau Tour du Rwanda, ambayo hukimbiwa mwishoni mwa Februari na katika miaka kadhaa imefika Rubavu, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Kudus aliishinda mwaka 2019, na Natnael Tesfatsion mwaka 2020 na 2022, kabla hajaingia timu ya daraja la juu kabisa Ulaya. Humo timu za taifa zinaruhusiwa, kwa hiyo Mnyarwanda au Mwethiopia utamtambua kwa jezi akiwa bado mbali. Mpaka ukiwa wazi, ulizia asubuhi ya siku hiyohiyo saa ya kuufunga, vuka mapema, na usisimame kwenye mstari wa kumalizia, ambako wanapita kwa sekunde chache. Simama kwenye mlima, wanakopanda polepole kiasi cha kukuwezesha kusoma namba.