Kufunga krenki na beringi mpya ili injini isirudi kugonga

Mlio mzito wa chini gari likiwa na mzigo huelekeza kwenye beringi za meni, zile zinazoshika krenki (mhimili mkuu unaozunguka) ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Mlio mkali zaidi, unaosikika ukiachia pedali ya mafuta, mara nyingi ni wa beringi za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Vyovyote iwavyo, sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ishuke. Kabla hujalegeza bolti, tia alama kila kofia ya beringi, kile kipande kinachofungwa kwa bolti kuibana beringi. Kofia ilichongwa pamoja na bloku yake, kwa hiyo haihamishwi wala haigeuzwi.

Injini nyingi hurudi kugonga kwa sababu beringi zilinunuliwa kwa kukisia. Krenki hupimwa kwa maikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi mkubwa. Pima kila shingo (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi) mbele na nyuma, na kila mahali pima mara mbili kwa msalaba. Vipimo vikitofautiana zaidi ya 0.02 mm, au ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, krenki ikachongwe. Saizi za kawaida za kupunguza kipenyo cha shingo ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm. Ukiwa Newala au Nachingwea, pata kwanza uhakika kwamba beringi za saizi hiyo zipo, hata kama ni za kuagiza Dar es Salaam, kwa sababu chuma kikishaondolewa hakirudi.

Krenki ikitoka kuchongwa huwa na unga wa chuma ndani ya matundu ya oili. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Pitisha brashi nyembamba yenye mafuta ya taa katika kila tundu, puliza kwa upepo wa kompresa, kisha rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke safi. Njia za oili za bloku zioshwe vivyo hivyo. Kama gereji yenu iko wazi chini ya mkorosho, fungeni asubuhi kabla upepo haujaanza kurusha mchanga, na mfunike bloku kila mnapoiacha.

Mgongo wa beringi na mahali inapokaa pawe pakavu. Oili ipakwe upande wa ndani tu. Tundu la beringi lilingane na tundu la bloku. Kabla ya kupaka oili, laza uzi wa plastigeji (uzi laini wa kupimia nafasi kati ya shingo na beringi) kwenye shingo, kaza kofia kwa toki kamili, yaani nguvu ya kukaza iliyowekwa na kitabu, bila kuzungusha krenki, fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti yake. Shingo ya 50 mm hutaka nafasi ya karibu 0.05 mm, ila kitabu cha injini husika ndicho kinachoamua.

Kaza kwa hatua tatu, ukianzia kofia ya katikati kwenda nje. Kila ukimaliza kofia moja, zungusha krenki kwa mkono. Ikigoma, fungua ile uliyokaza mwisho. Pima pia mchezo wa krenki wa mbele na nyuma, kisha funga konrodi.

Jaza chujio oili, zima mfumo wa mafuta, piga stata hadi taa ya oili izimike ndipo uwashe. Baada ya kilomita 500 mwaga oili na upasue chujio. Chembe zinazong'aa zikiwa nyingi, shusha sampu kabla gari halijapakia korosho.