Mchaichai umechoka? Ugawe

Shina la mchaichai likizeeka, katikati hubaki majani makavu matupu, ya chai unayapata pembeni tu. Hapo mbolea haisaidii sana, dawa yake ni kuligawa. Subiri mvua zianze, chimba shina zima, lipasue kwa panga. Chagua vichipukizi vya pembeni, vile vinene vyenye kitako cheupe na mizizi michache. Vya katikati tupa kwenye mboji. Kabla ya kupanda, punguza majani yabaki kama shubiri moja, la sivyo yatapoteza maji mengi kabla mizizi haijashika. Panda kwenye jua, uachanishe sentimita 60 hivi, na usipande pale maji yanapotuama maana kitako kitaoza. Na vaa mikono mirefu jamani, majani yale yanakata kama wembe!

Huna jirani wa kukugawia? Hata bua la sokoni linaota ukilisimamisha kwenye glasi ya maji, mradi muuzaji hajakata kitako. Badilisha maji kila siku. Mizizi ikifika urefu wa kidole, hamishia ardhini.