Mtoto Anapouliza Kwa Nini Jirani Haamini Mungu

Mtoto akikuuliza kwa nini jirani haamini kwamba Mungu yupo, usimkemee wala usimwambie kwamba jirani huyo ni mtu mbaya. Itaje kwanza imani ya nyumbani kwenu kuwa ni yenu, kwa kusema "Sisi tunaamini kwamba Mungu yupo," kisha mweleze kwa utulivu kwamba wapo watu, na wengi wao ni wema, wasioamini hivyo.

Mfano anaoweza kuuona kwa macho humsaidia kuliko maelezo marefu. Mkiwa Mombasa, mpitishe kwenye hekalu la Wajaini (wafuasi wa dini ya kale iliyoanzia India), lile jengo la marumaru nyeupe lililojengwa mwaka 1963, na umweleze kwamba Wajaini hawaamini kuwa yupo Mungu aliyeumba ulimwengu, kwa kuwa kwao ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, na bado wanafunga, wanatoa sadaka na wanajihadhari wasimdhuru hata mdudu. Watoto wengi, nionavyo mimi, hudhani kwamba asiyemwamini Muumba hana kinachomzuia kutenda uovu, na dhana hiyo hulegea mara wanaposikia habari hizi.

Mwache aulize, hata kama swali lake litakutia hofu. Baadaye mwombe aieleze imani ya yule mwingine kwa namna ambayo mwenye imani hiyo, kama angesikia, angekiri kwamba ametendewa haki. Akishindwa, msaidie kabla hamjaanza kujadili nani yuko sahihi.